Baba amekataliwa bima ya nyongeza ya Medicare, na mama anakaribia miaka 65

BARUA

Shikamoo Mshauri,

Nakuandikia kutoka Houston, Texas, nikiwa mtoto wa kwanza katika familia iliyohamia hapa kutoka Tanga mwaka 2001. Baba ana miaka 68 na amestaafu baada ya kufanya kazi kwa zaidi ya miaka 20 kwenye maghala ya mizigo. Mama ana miaka 64 na bado anafanya kazi jikoni katika hospitali moja kubwa ya hapa mjini, ambako ana bima nzuri ya mwajiri. Wote wawili ni raia wa Marekani na wamekatwa kodi ya Medicare, ile bima ya afya ya serikali kwa waliotimiza miaka 65, katika kila mshahara, kwa hiyo haki yao ya kuingia Medicare haina shaka. Lililonileta kwako ni bima ya nyongeza, ile inayolipa sehemu ya gharama ambayo Medicare inamwachia mgonjwa.

Baba alipotimiza miaka 65, Mei 2022, alijiandikisha Sehemu A (ya hospitali) na Sehemu B (ya huduma za madaktari) za Medicare. Siku zilezile wakala wa bima alikuja nyumbani, tukakaa naye sebuleni, na mimi ndiye niliyekuwa nikitafsiri. Alituonyesha mpango wa Medicare Advantage, yaani Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi, usio na ada ya ziada ya kila mwezi, wenye huduma ya meno na miwani ndani yake, nasi tukatia sahihi kabla chai haijapoa. Hatukuambiwa kwamba palikuwa na njia ya pili, wala kwamba njia hiyo ya pili ilikuwa na muda wake.

Wakati ule baba alikuwa na kisukari cha kumeza vidonge tu. Mwaka 2023 alianza kudunga insulini, na Oktoba 2024 aliwekewa stenti, kijibomba cha kuuweka wazi mshipa, katika mshipa wa moyo. Mwaka huu wa 2025 daktari wake wa moyo ametoka katika orodha ya madaktari wa mpango huo, na kipimo alichoandikiwa kilikaa wiki sita kikisubiri kibali cha mpango huo. Ndipo tukaamua kwamba afadhali arudi kwenye Medicare ya asili, yaani ile ya serikali yenyewe, amwone daktari yeyote anayepokea Medicare, na anunue bima ya nyongeza ya kumlipia ile asilimia 20 inayobaki.

Mwezi Agosti tulituma maombi kwa kampuni moja, na baada ya siku chache wakapiga simu kwa mahojiano. Baba alikaa kwenye meza ya jikoni, simu ikiwa kwenye spika, na mbele yake kile kisanduku chake cha dawa chenye vyumba saba. Alikuwa akifungua kifuniko kimoja kimoja na kusoma jina la kila kidonge kwa sauti, polepole, kama mwanafunzi anayesomeshwa. Walimuuliza anadunga yuniti ngapi za insulini kwa siku, akajibu 54. Wakauliza lini aliwekewa stenti, akataja tarehe kamili. Siku tisa baadaye ilikuja barua ya ukurasa mmoja ikisema maombi yamekataliwa. Baba aliikunja mara nne, akaiweka juu ya friji, na tangu siku hiyo hataki izungumzwe.

Mimi niliamini kwamba sheria ile ya mwaka 2010 inayoitwa Obamacare ilipiga marufuku kumnyima mtu bima kwa ugonjwa alionao. Je, kampuni hii imevunja sheria? Pili, rafiki wa familia anatushauri tuombe kwenye kampuni nyingine na tujibu "Hapana" kwenye maswali ya moyo na insulini, kwa maelezo kwamba kampuni haziwezi kujua. Baba amegoma kabisa, lakini mama anamsihi akubali.

Tatu ni mama mwenyewe. Atatimiza miaka 65 Februari 2026. Alitibiwa saratani ya titi, akamaliza mionzi Machi mwaka huu, na sasa anameza kidonge kila siku kwa miaka mitano. Nje ya nyumba yetu hakuna anayejua. Anapanga kustaafu mwishoni mwa Juni 2026, kwa sababu mdogo wangu anayeishi Columbus, Ohio, anataka wazee wahamie kwake moja kwa moja; ana chumba cha chini ambacho hakitawalazimu kupanda ngazi. Mfanyakazi mwenzake amemwambia achukue Sehemu B mara tu atakapofika miaka 65, asije akapigwa faini ya kuchelewa. Ninaogopa kwamba naye atakataliwa kama baba, na safari hii pia nitakuwa mimi ndiye niliyetafsiri.

Binti wa Tanga, Houston

JIBU

Marahaba, mwanangu. Poleni nyote, na umpe baba pole yangu kwa namna ya pekee, kwa sababu kuulizwa maradhi yako yote na mgeni kwenye simu kisha ukarudishiwa ukurasa mmoja si jambo dogo kwa mtu mzima aliyejitegemea maisha yake yote. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na ndani yake umeandika sentensi moja ambayo nadhani wewe mwenyewe hukuona uzito wake. Nitaifikia. Kwanza niondoe lile ambalo likifanyika wiki hii litawadhuru.

Baba asijibu "Hapana" pale ambapo jibu la kweli ni "Ndiyo". Najua mama anamsihi kwa mapenzi, na rafiki yenu pengine amesema kwa nia njema, lakini si kweli kwamba kampuni haziwezi kujua. Kwenye fomu ya maombi huwa pana mahali ambapo mwombaji anatia sahihi kuiruhusu kampuni ichukue kumbukumbu zake za dawa kutoka maduka ya dawa, na insulini ya baba iko humo, kila chupa na tarehe yake, pamoja na dawa za kuyeyusha damu anazopewa mtu aliyewekewa stenti. Kwa kawaida uongo huo hukamatwa kabla hata ya bima kutolewa. Ule usiokamatwa ndio mbaya zaidi, kwa sababu katika miaka miwili ya kwanza kampuni ina nafasi ya kurudi nyuma, kulinganisha fomu na mafaili ya hospitali, kisha kuifuta bima kana kwamba haikuwahi kuwepo na kumrudishia mwenyewe ada alizolipa. Fikiria hilo litokee baba akiwa amelazwa: ameshatoka kwenye mpango wake wa Advantage, bima ya nyongeza imefutwa, na amebaki na Medicare ya asili peke yake, ambayo kwa huduma za madaktari inalipa asilimia 80 na haina kikomo cha kile anachodaiwa mgonjwa. Kwa matibabu ya dola 60,000 chini ya Sehemu B, asilimia 20 ni dola 12,000, na akitibiwa tena mwezi unaofuata hesabu inaendelea. Baba amegoma, na baba ana haki. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kwenye bima ya Marekani kinachomfichua ni risiti ya duka la dawa.

Sasa kuhusu sheria. Sheria ya mwaka 2010 ilizuia kweli, kuanzia 2014, kumnyima mtu bima au kumtoza zaidi kwa sababu ya maradhi aliyonayo, lakini katazo hilo linahusu bima ambazo watu wanajinunulia wenyewe kabla ya Medicare pamoja na zile za waajiri. Bima ya nyongeza ya Medicare, ambayo watu wengi wanaiita Medigap, haikuguswa. Ina sheria yake ya zamani zaidi. Kwa hiyo, kwa maelezo uliyonipa, kampuni ile haikuvunja sheria, ingawa ninaelewa kwa nini mlihisi imevunja.

Sheria ya Medigap imejengwa hivi: kuna kipindi kimoja tu cha miezi sita katika maisha ya mtu, kinachoanza siku ya kwanza ya mwezi ambao ana miaka 65 au zaidi na pia ameshaingia Sehemu B. Ndani ya miezi hiyo sita kampuni yoyote inayouza bima hii katika jimbo lake inalazimika kumuuzia, haina ruhusa ya kumkataa kwa ugonjwa wowote, na haina ruhusa ya kumpandishia bei kwa sababu ya ugonjwa. Fomu huwa ina ukurasa wa maswali ya afya, lakini aliye ndani ya kipindi hicho anauacha mtupu. Miezi sita ikipita, ukurasa uleule unajazwa, na kila kampuni inajiamulia nani inamtaka. Wanaotetea utaratibu huu wanasema kwamba kama watu wangeruhusiwa kununua siku yoyote, kila mmoja angesubiri augue kwanza, na ada ingepanda kwa wote. Naielewa hoja hiyo, lakini sikubali kwamba jambo lenye uzito huu, lisilorudi, liachwe liandikwe kwa herufi ndogo katikati ya vitabu vinavyotumwa kwa posta. Lilipaswa kuwa sentensi ya kwanza anayosomewa kila mtu anapotimiza miaka 65, kwa lugha anayoielewa.

Kwa baba, kipindi hicho kilikuwa kati ya Mei na Oktoba 2022. Alikuwa pia na mlango wa pili: anayeingia Medicare Advantage moja kwa moja anapotimiza miaka 65 ana miezi 12 ya kuujaribu mpango, na akitoka ndani ya miezi hiyo anauziwa bima ya nyongeza bila kuulizwa afya. Mlango huo ulifungwa mwishoni mwa Aprili 2023, pengine wakati uleule ambapo alikuwa anajifunza kudunga insulini. Ulitafsiri kile kilichosemwa sebuleni siku ile, mwanangu. Hukuwa na namna ya kutafsiri kile ambacho wakala hakukisema.

Ukurasa ule wa maswali, anapolazimika kuujaza mtu kama baba, huwa unauliza nini? Kampuni hazifanani, lakini kwa kawaida zinaangalia miaka miwili iliyopita, nyingine hadi mitano: je, umelazwa, umepata shambulio la moyo au kiharusi, umewekewa stenti, umetibiwa saratani, unatumia hewa ya oksijeni, figo zako zikoje, kuna upasuaji ulioshauriwa na daktari ambao bado hujaufanya? Huuliza urefu na uzito, na kama unavuta sigara. Shinikizo la damu linalodhibitiwa kwa vidonge kwa kawaida halimzuii mtu, na kisukari cha vidonge peke yake mara nyingi hupita. Kinachozifanya kampuni zirudi nyuma ni maradhi mawili yakikaa pamoja, hasa kisukari na moyo, na kampuni nyingi zimeweka mpaka wa insulini kwenye yuniti 50 kwa siku. Baba alikuwa na yuniti 54 na stenti ambayo haijatimiza mwaka. Kwa vipimo vyao, majibu hayo mawili yalitosha. Baada ya Oktoba 2026 stenti yake itakuwa imevuka miaka miwili, na baadhi ya kampuni hazitaihesabu tena, lakini insulini itabaki, kwa hiyo nisingependa mweke matumaini yenu yote kwenye tarehe hiyo.

Niliahidi kurudi kwenye sentensi yako. Umeandika kwamba mdogo wako anataka wazee wahamie Columbus moja kwa moja. Mipango ya Medicare Advantage huuzwa kwa eneo maalumu, kaunti hadi kaunti, na mpango wa baba wa Houston kwa vyovyote hautoi huduma Columbus. Sheria inasema kwamba mtu aliye kwenye Medicare Advantage akihama na kutoka nje ya eneo la mpango wake, kisha akarudi kwenye Medicare ya asili, ana haki ya kuuziwa bima ya nyongeza bila swali lolote la afya. Kampuni haiwezi kumkataa, haiwezi kumtoza zaidi kwa ajili ya moyo wala kisukari, na haiwezi kumwambia asubiri miezi kadhaa kabla ya kulipia maradhi aliyokuwa nayo. Haki hiyo iko kwa kampuni yoyote inayouza bima hizo Ohio, hata ile iliyomwandikia barua iliyo juu ya friji, kama inauza huko. Kwa kuwa baba alitimiza miaka 65 baada ya 1 Januari 2020, mipango ya Medigap anayoweza kuidai kwa haki hii ni ile yenye herufi A, B, D, G, K na L (herufi hizi ni za mipango ya bima ya nyongeza, si zile Sehemu za Medicare).

Anaweza kuanza kuomba siku 60 kabla bima yake ya Houston haijakoma, na asivuke siku ya 63 baada ya kukoma. Andika tarehe hizo ukutani.

Kuna makosa matatu yanayoweza kuiua haki hii, na nimeona familia zenye akili zikiyafanya. La kwanza ni kutoka mapema. Kuanzia Oktoba 15 hadi Desemba 7 kila mwaka, redio na televisheni hujaa matangazo ya kubadilisha Medicare, na watu hudhani kwamba katika wiki hizo hata bima ya nyongeza inapatikana bila maswali. Haipatikani. Wiki hizo ni za mipango ya Advantage na ya dawa tu. Baba akitoka Advantage Desemba hii na kurudi Medicare ya asili kwa matumaini, atakuwa hana bima ya nyongeza, na Juni atakapohama hatakuwa na mpango wa Advantage wa kuupoteza, kwa hiyo kuhama kwake hakutampa haki yoyote. Abaki ndani ya Advantage mpaka siku ya kuhama. Ikiwa anamtaka daktari wake wa moyo kwa miezi hii iliyobaki, tumieni wiki hizo kumtafutia mpango mwingine wa Advantage wa hapohapo Houston ambao daktari huyo yumo. Mipango hiyo hairuhusiwi kumkataa mtu kwa historia ya afya yake, na pia ina kikomo cha gharama, ambacho kwa mwaka 2025 hakiwezi kuzidi dola 9,350 kwa huduma za ndani ya mtandao wake, yaani madaktari na hospitali zilizo katika orodha yake. Hakikisheni tu kwamba mpango huo mpya nao hauhudumii kaunti ya Franklin, ambako Columbus ipo.

La pili ni kufika Columbus na kukubali mpango mwingine wa Advantage kwa kuwa wakala mchangamfu amebisha hodi. Haki niliyoitaja ni ya anayerudi Medicare ya asili. Akiingia Advantage ya Ohio, ameiacha mezani.

La tatu ni kuhama kwa karatasi. Kutumia anwani ya mdogo wako huku baba akiendelea kulala Houston ni uongo uleule wa "Hapana" kwa sura nyingine, na utavunjika kwa namna ileile. Lakini ninyi mnahama kweli, kwa hiyo hamna la kuogopa. Wekeni mkataba au barua ya makazi, bili yenye anwani mpya, na zaidi ya yote barua ya mpango wa Houston inayotaja tarehe ambayo bima yake inakoma, kwa sababu kampuni ya Ohio itaidai hiyo kama ushahidi.

Wakati huohuo baba achukue mpango wa dawa wa kujitegemea, yaani Sehemu D, kwa kuwa bima ya nyongeza hailipii dawa za dukani. Sehemu D haiulizi afya, na tangu 2023 insulini iliyomo kwenye mpango haizidi dola 35 kwa mwezi. Asikae siku 63 au zaidi bila bima ya dawa, asije akatozwa faini isiyokwisha.

Nije kwa mama, ambaye habari zake ni njema kuliko mnavyodhani, ilimradi msimsikilize yule mwenzake wa kazini. Aliyemwambia kuhusu faini amesema kweli kwa watu wengine, si kwake. Mtu anayefanya kazi kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, na akawa na bima ya mwajiri huyo, anaweza kuiacha Sehemu B bila faini mpaka atakapoacha kazi, kisha ana miezi minane ya kuiomba. Hospitali kubwa ina wafanyakazi wengi kuliko hao.

Na kwa nini asiichukue mapema tu, kwa usalama? Kwa sababu saa ya ile miezi sita inaanza kuhesabu siku Sehemu B inapoanza, hata kama mwenyewe haihitaji. Akiichukua Februari 2026, miezi yake sita itakwisha Julai. Atastaafu mwishoni mwa Juni akiwa amebakiwa na mwezi mmoja, katikati ya kufunga mizigo na kuhama jimbo, na atakuwa amelipa dola 185 kila mwezi, kwa kiwango cha 2025, kwa ajili ya bima iliyokaa tu nyuma ya ile ya mwajiri. Saa hiyo ikishakwisha hairudishwi nyuma. Akiomba Sehemu B ianze 1 Julai 2026, miezi yake sita itakuwa Julai hadi Desemba, yote mizima. Aombe mwezi mmoja au miwili kabla, na ofisi ya wafanyakazi ya hospitali imjazie fomu inayothibitisha kwamba alikuwa na bima ya mwajiri. Sehemu A anaweza kuichukua anapotimiza miaka 65 kwa kuwa haitamgharimu kitu. Isipokuwa kama ana akaunti ya akiba ya matibabu kazini, kwani hataruhusiwa kuendelea kuichangia baada ya kuingia Sehemu A.

Ndani ya miezi hiyo sita, mwanangu, saratani ya mama haimhusu muuzaji. Hatasimulia mionzi, hatataja kidonge, na atalipa bei ileile anayolipa mwanamke wa umri wake ambaye hajawahi kulazwa. Nje ya miezi hiyo, saratani iliyotibiwa 2025 ingemfungia karibu kila mlango. Kuna jambo moja tu ambalo kampuni inaruhusiwa kufanya hata ndani ya kipindi hicho: kuchelewesha hadi miezi sita kulipia ugonjwa uliotibiwa karibuni. Lakini muda aliokuwa na bima ya mwajiri unahesabiwa na kufuta kusubiri huko, mradi pasipite pengo la zaidi ya siku 63 kati ya bima hizo mbili. Kwa hiyo aombe barua ya kuthibitisha muda wake wote wa bima kabla ya kurudisha kitambulisho cha kazi.

Umesema nje ya nyumba yenu hakuna anayejua. Simlaumu mama, wengi wetu tumelelewa hivyo, na ugonjwa wa titi unabeba haya ambayo haukustahili kuibeba. Ninachoomba ni kwamba angalau ninyi watoto mjue tarehe zake zote za matibabu, kwa sababu sasa tarehe hizo ni mali.

Kuhusu mpango wa kununua, herufi za Medigap zimesanifishwa nchi nzima tangu 1992, isipokuwa Massachusetts, Minnesota na Wisconsin ambazo zina utaratibu wao. Maana yake ni kwamba Mpango G wa kampuni ghali unalipa vilevile kama Mpango G wa kampuni rahisi. Tofauti ni ada na jinsi inavyopanda mwaka hadi mwaka. Mpango G unalipa ile asilimia 20 na malipo ya kuanzia ya hospitali, yaani kile anachodaiwa mgonjwa kabla Medicare haijaanza kulipa, na unamwachia mtu kiasi cha kuanzia cha Sehemu B, ambacho mwaka 2025 ni dola 257. Kwa wazee wenu wawili, nisingesumbuka sana na herufi nyingine. Ulizeni kila kampuni kama ada inapanda kwa kufuata umri, na imepanda kiasi gani miaka mitatu iliyopita. Akishainunua, kampuni haiwezi kumwondoa kwa sababu ameugua, maadamu analipa ada.

Kama ikitokea kuhama kukaahirishwa, baba bado ana pa kuangalia. Mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba mipango ya Advantage hutuma barua za mwaka unaofuata. Mpango wake ukitangaza kwamba unajiondoa katika kaunti yenu, hilo nalo litampa haki ileile ya kununua bila maswali, kwa hiyo msitupe bahasha yoyote kabla ya kuifungua. Majimbo ya New York na Connecticut yanauza bima hizi kwa wazee mwaka mzima bila kuuliza afya, ila kwa bei ya juu, lakini Texas na Ohio hazimo katika utaratibu huo. Na ikiwa kipato cha wazee ni kidogo, ulizeni kuhusu programu za jimbo za kuwasaidia wenye Medicare, ambazo kwa wanaostahili hulipa Sehemu B na hata ile asilimia 20.

Kabla ya kufanya lolote, pigeni simu kwa washauri wa bure ambao hawauzi bima na hawapati kamisheni: Texas wanaitwa HICAP, Ohio wanaitwa OSHIIP. Namba ya Medicare yenyewe ni 1-800-633-4227, na ukiomba mkalimani wa Kiswahili unatafutiwa bila malipo, ili safari hii ukae upande wa baba badala ya kukaa katikati. Waulize swali hili hasa, na uandike jina la aliyekujibu na tarehe: "Baba yangu anahama Houston kwenda Columbus mwezi Juni na anatoka Medicare Advantage kurudi Medicare ya asili, ana siku ngapi za kununua Mpango G bila kuulizwa afya, na anahitaji barua gani?" Kisha uishushe ile barua ya juu ya friji, uiweke kwenye faili pamoja na nyingine, na umwambie baba kwamba mwezi Mei tutaanza upya.